Kutoka Mlio wa Sputnik Hadi Onyo la Kimbunga

Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliingia Unguja bila kubisha hodi. Majahazi yaliyotia nanga bandarini yalitupwa ufukweni kama vifuu vya nazi, merikebu za Sultani Barghash zikaangamia, na huko mashambani mikarafuu iliyotunzwa kwa miaka mingi iling'olewa na mizizi yake. Pemba, ambayo haiko mbali, ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyokifanya kisiwa hicho kuwa shamba kuu la karafuu tangu siku hizo. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Manahodha wa mwambao hawakuwa wajinga wa bahari. Walizijua kusi na kaskazi, walisoma mawingu na rangi ya maji, na usiku walishika njia kwa nyota. Lakini jicho la mtu aliyesimama juu ya sitaha halivuki upeo wa macho, na upeo huo uko umbali wa kilomita chache tu. Kimbunga kinachojikusanya kilomita 500 kutoka pwani kilikuwa siri ya Mungu mpaka kilipofika.

Mei 2024 mambo yalikuwa tofauti. Kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani ya Tanzania, jina lake, mahali kilipo na njia kilikokuwa kikielekea vilisomwa redioni siku kadhaa kabla hakijafika. Makala hii inasimulia yaliyotokea kati ya vimbunga hivyo: jinsi binadamu alivyopata jicho, mdomo na dira huko juu, na ni nani aliyefaidika navyo huku chini.

Mlio uliosikilizwa

Habari inaanza Ijumaa, tarehe 4 Oktoba, 1957, pale Umoja wa Kisovieti uliporusha angani tufe la madini lililong'arishwa, lenye kipenyo cha sentimeta 58 na uzito wa kilo 83.6. Liliitwa Sputnik. Halikuwa na kamera, wala simu, wala dira. Kazi yake ilikuwa kuizunguka dunia mara moja kila dakika 96 hivi, huku likitoa mlio wa redio, bip, bip, bip, ili kila mwenye redio ya mawimbi mafupi ahakikishe kwa masikio yake kwamba kweli lipo.

Jumatatu iliyofuata, katika Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimbo la Maryland, Marekani, wanasayansi wawili vijana, William Guier na George Weiffenbach, walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja na wenzao. Mazungumzo yalikuwa yale yale yaliyotawala kila baraza siku hizo: kidude cha Warusi. Lililowashangaza ni kwamba katika maabara nzima, yenye wataalamu kila pembe, hakuna aliyekuwa amefungua redio kukisikiliza. Basi wao wakafanya hivyo. Weiffenbach alikuwa na redio nzuri ya kazi. Wakachomeka kipande cha waya kiwe antena, wakakaa kusubiri. Hakuna mkubwa aliyewaagiza.

Sputnik ilipopita wakaisikia, wakainasa katika utepe. Hapo ndipo walipogundua jambo ambalo wewe, msomaji, unalijua bila kulitilia maanani. Simama karibu na reli garimoshi linapokuja likipiga honi. Linapokukaribia, sauti ni nyembamba. Likishakupita na kwenda zake, sauti inakuwa nzito. Honi haijabadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo mawimbi ya sauti yalikuwa yakisongamana kuja kwako, na sasa yanavutika. Mawimbi ya redio nayo huwa hivyo hivyo. Wale vijana waliona kwamba mlio wa Sputnik ulipanda ilipokuja na kushuka ilipokwenda, na kwamba namna ulivyoshuka, kwa haraka au polepole, ilieleza setilaiti ilipita umbali gani na kwa kasi gani. Kwa kupiga hesabu nyingi waliweza kuichora njia ya Sputnik kutoka mahali pamoja tu, bila rada wala darubini.

Machi 1958 mkubwa wao, Frank McClure, aliwaita ofisini akawauliza kama hesabu ile inaweza kugeuzwa nje ndani. Ikiwa mtu anayejua mahali aliposimama anaweza, kwa kusikiliza, kuijua njia ya setilaiti, je, mtu anayeijua njia ya setilaiti hawezi, kwa kusikiliza, kujua mahali aliposimama? Waliipiga hesabu, wakamjibu kwamba inawezekana, tena ni rahisi kuliko ile ya kwanza.

Tusidanganyane kuhusu nia. McClure hakuwa akiwafikiria wavuvi wa Kilwa. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likitengeneza makombora ya Polaris ya kurushwa kutoka kwenye nyambizi, na kombora lisilojua linapotoka haliwezi kujua linakokwenda. Kwa shabaha hiyo ulijengwa mtambo ulioitwa Transit. Setilaiti yake ya kwanza iliyofanikiwa ilirushwa Aprili 1960, jeshi likaanza kuutegemea mwaka 1964, na mwaka 1967 meli za kiraia zikaruhusiwa kuutumia. Ulikuwa na kasoro moja kubwa: setilaiti zake zilikuwa chache, hivyo nahodha alilazimika kungoja mpaka mojawapo ipite ndipo ajue alipo. Kwa meli inayokwenda polepole hilo lilivumilika. Kwa ndege halikufaa hata kidogo.

Dira iliyo mfukoni

Jibu la kasoro hiyo ni mtambo ambao leo umo katika simu ya dereva wa teksi na ya mpakia mizigo wa Kariakoo, yaani GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa na jeshi la Marekani Februari 1978. Ili mtambo ukamilike zilihitajika setilaiti 24, zikizunguka kilomita 20,200 juu yetu, na ukamilifu huo ulifikiwa mwaka 1995.

Wengi wanaamini kwamba simu inapotuonyesha njia huwa inapeleka ujumbe kwenye setilaiti na kuuliza, 'Niko wapi?' Sivyo. Simu haiulizi kitu. Inasikiliza tu, kama wale vijana wa Maryland. Kila setilaiti inatangaza mfululizo: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa yangu sasa ni kadhaa. Tangazo hilo linasafiri kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo linafika likiwa limechelewa kidogo mno. Simu inapima ucheleweshaji huo na kujua umbali wa setilaiti. Ikizisikia nne kwa wakati mmoja, inajua mahali ilipo na kusahihisha saa yake yenyewe.

Kwa hiyo dira hii kwa hakika ni saa. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, nahodha anapotea kwa mita 300. Ndiyo maana setilaiti hizo hubeba saa za atomiki, na ndiyo maana wahandisi walilazimika kumsikiliza Einstein, ambaye hakuwahi kuona setilaiti hata moja. Kwa mujibu wa nadharia zake, saa iliyo huko juu hukimbia kuliko iliyo hapa chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama isingerekebishwa, makosa yangekusanyika kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Raia walifikaje kwenye kifaa hiki cha vita? Kwa msiba. Tarehe 1 Septemba, 1983, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini iliyokuwa ikielekea Seoul ilipotea njia, ikaingia katika anga la Umoja wa Kisovieti, ikatunguliwa na ndege ya kivita karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Siku chache baadaye serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba GPS itakapokuwa tayari, ndege na meli za dunia nzima zitaitumia bila malipo.

Ahadi ilitimizwa, lakini kwa mkono wa birika. Kwa makusudi, tangazo la raia lilitiwa kasoro ili likosee kwa kadiri ya mita 100, na lile sahihi likabaki kwa wanajeshi. Mita 100 ni tofauti kati ya mlango wa bandari na mwamba. Kasoro hiyo iliondolewa kwa amri ya Rais Clinton Mei 2000; waliolala na kifaa kinachokosea waliamka na kifaa kilekile kikisema kweli. Si ajabu kwamba Urusi, Ulaya na China hazikutaka kuwa chini ya ufunguo wa mwingine, zikajenga mitambo yao wenyewe. Simu nyingi za kisasa huisikiliza mitambo hiyo yote kwa pamoja.

Simu ya Lagos

Tuje kwenye mawasiliano. Hapa wazo lilitangulia chombo kwa miaka mingi. Oktoba 1945 mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza katika gazeti la mafundi wa redio kwamba, umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, chombo huchukua siku moja kamili kuizunguka dunia. Dunia nayo hujizungusha kwa siku moja. Basi kwa mtu aliye chini chombo hicho kitaonekana kimesimama palepale, kama taa iliyotundikwa darini. Vitatu tu vingetosha kuihudumia karibu dunia yote.

Umuhimu wa kusimama palepale ulionekana wazi mwaka 1962. Setilaiti ya Telstar, iliyorushwa tarehe 10 Julai mwaka huo, ilivusha picha za televisheni kati ya Marekani na Ulaya, na watu wakashangilia. Lakini ilikuwa ikizunguka chini, ikionekana kwa kadiri ya dakika 20 kisha inazama, na antena kubwa zililazimika kuifuata kama alizeti linavyofuata jua. Mwaka uliofuata ilirushwa Syncom 2, ya kwanza kufika kwenye kimo alichokitaja Clarke.

Na hapa Afrika imo, tena mwanzoni kabisa. Meli ya Marekani iliyoitwa Kingsport ilitia nanga katika bandari ya Lagos ikiwa na antena yake, na tarehe 23 Agosti, 1963, Rais Kennedy akiwa Washington alizungumza kwa simu kupitia Syncom 2 na Waziri Mkuu wa Nijeria, Abubakar Tafawa Balewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wakuu wawili wa serikali kuongea kupitia chombo cha aina hiyo. Mwaka 1965 ikafuata Intelsat I, setilaiti ya kwanza ya biashara, yenye uwezo wa kubeba mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja. Afrika Mashariki ilipata mlango wake mwaka 1970, kituo cha Longonot kilipofunguliwa katika Bonde la Ufa, Kenya.

Aliyewahi kupiga simu ya Ulaya miaka hiyo atakumbuka adha yake. Sauti ilipanda kilomita 36,000 na kushuka nyingine 36,000, ikachukua karibu robo ya sekunde kumfikia mwenzako, na jibu lake robo nyingine. Mtu alidhani hajasikiwa, akarudia salamu, na wakati huohuo salamu ya mwenzake ikamfikia. Nusu ya pesa ikaisha kwa 'Haloo? Haloo?' Lililokera zaidi lilikuwa jingine: kwa muda mrefu simu nyingi kutoka mji mkuu mmoja wa Afrika kwenda mwingine zilipitia London au Paris, na ushuru wa njia ukalipwa huko. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 ndizo zilizoondoa sehemu kubwa ya adha hiyo kwa simu na intaneti.

Ikweta ni mali ya nani?

Ikweta inapita juu ya vichwa vyetu, na ina baraka mbili. Ya kwanza ni kwamba dunia hujizungusha kwa kasi kubwa zaidi hapo, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hubebwa na kasi hiyo bure. Ndiyo maana Waitalia walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 wakarusha setilaiti kutoka huko kwa roketi za Marekani. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba, 1970, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya taifa la Kenya. Hiyo haikuitazama dunia. Iliangalia nyota, na wanajimu wanaiheshimu hadi leo.

Baraka ya pili ni ule mviringo wa kilomita 36,000, ambao upo juu ya Ikweta peke yake. Nafasi zake zina kikomo, kwa kuwa setilaiti zikisongamana mno mawimbi yake hugongana. Katika miaka ya 1970 mataifa tajiri yalikuwa yakizijaza kwa taratibu ya aliyewahi ndiye mwenye nafasi. Ndipo tarehe 3 Desemba, 1976, nchi kadhaa za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire pamoja na Kolombia, Ekwado na Indonesia, zilipotia saini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba sehemu ya mviringo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao ya asili.

Wakubwa walilikataa azimio hilo wakinukuu Mkataba wa Anga wa mwaka 1967, unaokataza taifa lolote kumiliki anga la juu. Kisheria walikuwa na hoja. Lakini mkataba unaosema anga ni la wote, wakati wenye roketi ni wawili watatu, unafanana na shamba la ujima ambalo mmoja tu ana jembe. Kelele zile hazikupotea bure: mwaka 1988 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliafiki mpango ambao chini yake kila nchi, hata isiyo na setilaiti, ilitengewa nafasi yake.

Jicho lisilosinzia

Tarehe 1 Aprili, 1960, Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza iliyofanikiwa kutazama hali ya hewa. Ilifanya kazi siku 78 tu, na picha zake zilikuwa na ukungu kama za televisheni yenye antena mbovu, lakini kwa mara ya kwanza wataalamu waliyaona mawingu kutoka juu, yakiwa yamejiviringisha kama konokono. Septemba 1961, TIROS ya tatu ilikiona kimbunga Esther katika Bahari ya Atlantiki kabla meli yoyote haijakikuta. Kwa nahodha wa mwaka 1872 huo ungekuwa muujiza.

Julai 1972 ikafuata Landsat 1, iliyopewa kazi ya kuitazama ardhi. Mhandisi Virginia Norwood alikuwa ameitengenezea kifaa kilichosoma nuru ile ile katika mafungu manne, mawili kati yake yasiyoonekana kwa macho yetu. Wengi walikiona kama mgeni wa ziada. Tegemeo lao lilikuwa kamera za televisheni zilizokuwamo pia. Muda mfupi baada ya kurushwa kamera hizo zilipata hitilafu ya umeme zikazimwa, na kifaa cha Bibi Norwood ndicho kilichoipa setilaiti hiyo jina. Jani zima hurudisha sana nuru isiyoonekana, jani lililonyauka hurudisha kidogo. Hivyo aliye angani anaweza kuona mahindi yanakauka kabla mkulima wa wilaya ya jirani hajapata habari.

Elimu hiyo ilifika kwetu mapema. Mwaka 1975 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani, ambacho hadi leo kinawafundisha wataalamu wa Afrika Mashariki na Kusini kuzisoma picha hizo. Tatizo lilikuwa bei. Katika miaka ya 1980 picha moja ya Landsat iliweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo nchi iliweza kupigwa picha kila baada ya wiki chache na isiwe na uwezo wa kujiona. Picha hizo zimetolewa bure tangu mwaka 2008 tu. Hata bure ina mwenyewe. Baada ya njaa ya Ethiopia, Marekani ilianzisha mwaka 1985 utaratibu wa kutabiri njaa kwa kutumia picha za setilaiti, na nchi nyingi za Afrika zikauzoea. Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha misaada ya nje, ukurasa wake ulizimwa, ukarudi kwa sehemu miezi kadhaa baadaye. Setilaiti zenyewe hazikuacha kuzunguka hata siku moja.

Kwa upande wa hali ya hewa hadithi ni njema zaidi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat, zilizoanza mwaka 1977, husimama katika ule mviringo wa Clarke, na tangu mwaka 1998 mojawapo imekuwa ikiwekwa juu ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2022 nafasi hiyo ilichukuliwa na Meteosat-9, iliyopelekwa nyuzi 45.5 Mashariki, yaani mbele ya pwani ya Somalia. Na mapema miaka ya 2000 ofisi za hali ya hewa za nchi za Afrika zilifungiwa antena na mitambo ya kupokelea picha hizo moja kwa moja, bila kumpigia mtu simu Ulaya.

Hivyo ndivyo Hidaya kilivyoonekana siku za mwanzo za Mei 2024, kingali baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ikatoa onyo, redio zikalirudia, na onyo hilo likapita kutoka simu hadi simu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua yake iliikata barabara ya kusini huko Kilwa na kuwaacha wasafiri wamekwama njiani. Wakati mabasi yakiwa yamepanga foleni pale, Meteosat-9 iliendelea kuleta picha mpya ya mawingu ya Bahari ya Hindi kila baada ya robo saa.